Kahawa ya Tatu Mlangoni kwa Bi Hasnija

Uamuzi wa Kamati ya Manispaa ya Kukuza Utalii wa Milimani Kuhusu Ubandikaji wa Vibao vya Urafiki na Halali Katika Majengo ya Zama za Kati na Mengine Yanayofanana Nayo: hilo ndilo jina kamili la kibao kidogo kama sahani, kilichopigiliwa mlangoni kwa Bi Hasnija tangu theluji ilipoyeyuka. Kina jani la kijani na maneno mawili makubwa, "Rafiki Halali". Chini yake kuna benchi letu la mawe, ngome ikitutazama kutoka juu kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Anakaa hapo Waziri, jina lake halisi Ragib, aliyewahi kuwa dereva wa wizara huko Sarajevo, mji wetu mkuu. Fundi Saa, mwenye saa kumi na moja ukutani na zote zinabishana. Na Mstaafu, mwenye miaka arobaini, ambaye hajawahi kuajiriwa. Na mimi. Katikati yetu huwa pana mdila wa shaba. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa chungu kuliko kawaida, kwa sababu Bi Hasnija aliipika akiwa amenuna.

— Nimeshasema na sirudii, alisema Bi Hasnija kutoka mlangoni, mikono kiunoni. Mgeni yule anaondoka na basi la saa sita mchana. Akiondoka hajala kwangu, Ijumaa nafunga. Naenda Graz, Austria, kwa binti yangu, nikalee wajukuu.

— Mama, usifunge kwa ajili ya mtu mmoja, nilimwambia.

— Mmoja? Tangu wanitundikie hili jani, huyu ndiye wa kwanza kutoka mbali. Siku mbili anakuja peke yake, anakaa, anatabasamu, anaondoka na njaa yake. Nyie hamlipi hata sukari. Sufuria zinarudi jikoni zimejaa.

Akaingia ndani. Tukaangaliana. Bi Hasnija akifunga, benchi linabaki jiwe tu.

Mgeni huyo alishuka kwenye basi juzi, na mkoba mdogo na mwavuli mweusi. Kabla jua halijazama mji mzima ulikuwa ukimwita Mwavuli. Ametoka Malesia, kaja kuona ngome na kula chakula cha Waislamu wenzake wa milimani. Hayo tulielezwa na simu yake, inayomtafsiria kwa Kibosnia cha msomaji wa taarifa ya habari.

— Kosa ni la kibao, alisema Mstaafu. Rafiki Halali. Urafiki na halali ndio nini? Mimi nilikuwa rafiki wa mwalimu wa hesabu, na hesabu nilifeli.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Waziri.

— Sasa nani mgonjwa hapa?

— Subiri. Methali haina haraka.

Fundi Saa alijimiminia kikombe, akachovya kitonge cha sukari, akakiweka chini ya ulimi kama mtu anayeweka akiba.

— Nyie hamjui serikali. Yule ni mkaguzi. Wamemtuma aone kama kibao kimenyooka. Jana alikipiga picha mara mbili. Mtu wa kawaida anapiga picha ngome.

— Kamati imtoe mkaguzi Malesia?

— Wa kwetu nani angemwogopa?

— Si mkaguzi, alisema Waziri. Nilimpokea mimi mwenyewe kituoni. Nilimbebea mkoba hadi nyumba ya wageni, nikamweleza mila zetu zote, kuanzia kuvua viatu hadi kahawa. Akasikiliza kwa adabu kabisa. Yule ametumwa na wapishi wa mji wa Travnik. Wanatafuta namna Hasnija anavyopika vitunguu vya kujaza nyama.

— Travnik hawana Mmalesia.

— Wamekodi. Mficha uchi hazai.

— Hiyo nayo inaingiaje, mzee?

— Inaingia kwa nyuma.

Mstaafu alisimama, jambo ambalo hufanya kwa nadra na kwa sababu nzito.

— Mimi nitawaambia, nanyi mtacheka, halafu mtanikumbuka. Mfalme wetu wa mwisho alipouawa, si ndugu zake walitawanyika? Huyu ni wa ukoo wake. Amekuja kuidai ngome. Na mfalme hali kwenye nyumba ya raia kabla hajakabidhiwa funguo.

— Kutoka Malesia?

— Familia ilihama.

Bi Hasnija alitoka tena, safari hii na kitambaa cha jikoni begani. Alikuwa amesikia yote. Dirisha lake halina kioo upande wa benchi tangu Mstaafu alipoegemeza ngazi.

— Mfalme, mpelelezi, mkaguzi. Mwogopeni Mungu. Marehemu baba yangu aliadhini katika msikiti wa juu maisha yake yote. Nyama nachukua kwa Haji Nazif, ambaye kisu chake kikianguka anakiombea msamaha. Mtu anaweza kukataa chakula changu kwa sababu gani? Jana alikaa pale dirishani. Nikamletea kahawa, kama mtu yeyote. Nyie mkaona aibu anywe peke yake, mkampelekea kahawa. Fundi naye hakutaka kupitwa, akampelekea kahawa. Nageuka kupakua supu ya kuku na bamia, nikirudi amesimama, mkono kifuani, anashukuru, anarudi nyuma kama mbele ya sultani. Juzi vilevile.

— Labda tumbo, nilisema.

— Labda supu, alisema Fundi Saa, na kitambaa kikampata usoni.

Ndipo Mwavuli mwenyewe alipokata kona, mkoba begani, uso umekonda kidogo. Tulisogea, akakaa. Mkono wa Fundi Saa ulikwenda kwenye mdila bila kumuuliza mwenyewe, ukammiminia mgeni kikombe kilichobaki. Mwavuli alikitazama kile kikombe kwa huzuni, jinsi mtu anavyotazama barua ya kodi. Akainong'oneza simu. Simu ikanguruma:

— Habari za asubuhi, waheshimiwa. Ningependa kuuliza swali moja. Katika mji huu, mtu hula baada ya kahawa ya ngapi?

Mstaafu alianza kuhesabu kwa vidole, akakwama.

Mgeni akainong'oneza tena, na simu ikaendelea bila huruma:

— Bwana aliyenibebea mkoba alinifundisha kwamba kahawa ya kwanza ni ya kukaribisha, ya pili ni ya maongezi, na ya tatu ni ya kumwambia mgeni aondoke. Nimejitahidi kuwahi chakula kabla ya kahawa ya tatu. Sijaweza. Nimekula biskuti siku mbili. Harufu ya vitunguu vile hufika hadi chumbani kwangu. Samahani kama nimewakosea.

Tulimgeukia Waziri. Waziri alikuwa akiichunguza ngome kana kwamba imejengwa jana.

— Ulimwambia ya tatu? aliuliza Bi Hasnija, taratibu.

— Ni mila, alisema Waziri. Bibi yangu alikuwa akiisema.

— Bibi yako aliisema kwa utani, Ragib. Na mgeni gani umewahi kumwona katika mji huu akiondoka kwa kahawa ya tatu?

— Sijamwona. Ila mila ni mila.

Bi Hasnija alichukua kikombe mkononi mwa mgeni, akaimwaga kahawa kwenye mawe, akamshika kiwiko kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

— Ingia, mwanangu. Na nyie, mtu akileta kikombe ndani kabla sijasema, nitamvunjia kichwani.

Mdila ulikuwa mtupu. Tulibaki tumekaa, tukisikiliza kijiko kikigonga sahani, kwanza polepole, kisha kwa kasi.

Kilichotokea ni kwamba kwa siku mbili tulimfukuza mgeni kwa ukarimu. Alikula supu, akala vitunguu, akaongezwa. Basi la saa sita liliondoka bila yeye. Ijumaa Bi Hasnija alifungua.