Wasifu wa Bi Rangi, Mhariri wa Filamu za Wauguzi

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Bi Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa mpaka rangi za nyumba, mama mshonaji.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari ya wasichana mwaka 1979. Mwalimu wa fizikia aliandika kwenye ripoti yake: "Anauliza maswali mengi mno." Baba aliisoma, akacheka, akaifungia kabatini.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole, wakajaliwa mabinti wawili.

Alifanya kazi katika studio ya picha kwa miaka minane, kisha Agosti 1989 akaajiriwa na chuo cha uuguzi, kitengo cha video: chumba kimoja, meza mbili na feni yenye kelele.

Mwaka 2012 alihariri filamu ya kuwafundisha wauguzi kutambua manjano kwa watoto wachanga. Faili lilikuwa kubwa mno, vituo vya mbali vilishindwa kulipakua. Akalibana hadi likawa jepesi, akalituma. Wiki mbili baadaye mkunga mmoja alipiga simu.

"Dada, huyu mtoto mnayesema ana manjano, huku kwetu tunamwona wa kijivu."

Alichunguza kwa siku tatu, akakuta kosa ni lake. Kamera ilirekodi kwa biti kumi, yaani vivuli zaidi ya elfu moja kwa kila rangi ya msingi. Nakala aliyotuma ilikuwa ya biti nane, vivuli mia mbili hamsini na sita tu, na kule kubana kupita kiasi kulifuta hata tofauti ndogo zilizosalia kwenye ngozi. Alivipigia simu vituo vyote kumi na tisa, kimoja baada ya kingine. "Msiitumie. Nimekosea mimi."

Akalibana faili upya, safari hii kwa kiasi. Rangi ikarudi, na uzito nao ukarudi. Lililobaki lilikuwa kupunguza urefu. Katika dakika ishirini na moja, tisa za kwanza zilikuwa hotuba ya mkuu wa chuo. Alizikata zote.

"Kumbe hotuba yangu ndiyo uliyoiona haina kazi?" mkuu alimuuliza.

"Mzee, hotuba watu wanaweza kuisoma kwenye karatasi. Ngozi ya mtoto lazima waione."

Mkuu alimnunia mwezi mzima, ila idhini aliitia sahihi. Filamu hiyo ilikuwa bado inafundishiwa dada alipostaafu mwaka 2021.

Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Mumewe alimpeleka kusafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila kukosa. Wiki ya mwisho shemeji alitoa simu ili amrekodi. "Weka hiyo simu chini," dada alimwambia. "Njoo ukae." Akaketi. Ndivyo walivyokuwa Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, dada alipofariki.

Ameacha mume, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu na sisi wadogo zake watatu.

Dada, umefanya kazi yako vizuri. Mungu akupumzishe salama.