Mzee Lemburis, Mshika Kwato wa Kijenge

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili kasoro wiki moja, Mzee Lemburis Sakaya, Msaidizi Mkuu wa Kituo cha Tiba ya Wakwato, Kijenge, anastaafu leo Jumamosi, tarehe 29 Juni 1957. Aliajiriwa tarehe 6 Julai 1925 akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, na tangu siku hiyo hajachelewa kazini hata mara moja, ingawa kwake ni Sambasha na kila asubuhi hutembea kwa mguu mwendo wa saa mbili na nusu. Mwandishi wa wasifu huu, Noordin Jiwa, mchanganya dawa wa kituo, anakaa hatua mia moja kutoka getini na amechelewa mara nyingi tu. Nani mtumishi na nani mpiga porojo, hapo hakuna ubishi.

Kwa kuwa jarida hili hufika pia kwa watumishi wa mbali ambao hawajamwona Mkwato, ni vizuri kueleza kidogo. Kuanzia kichwani hadi kiunoni, Mkwato ni mtu kama wewe. Kuanzia kiunoni kwenda chini ana mwili wa kongoni, miguu minne na mgongo unaoteremka kuelekea nyuma. Kwa sababu ya mteremko huo hapandiki, na wageni wawili watatu waliowahi kujaribu waliserereka wakakaa chini mbele za watu. Ana mioyo miwili: wa juu huenda mbio, wa chini huenda polepole sana, hata mpimaji mgeni akiusikiliza huo wa chini peke yake hudhani mgonjwa amekwisha kufa. Mimba yao ni miezi kumi na minne. Hula kwa kinywa kimoja, lakini hucheua, na Mkwato anayecheua hasemi neno. Ndiyo maana wazee wao wakitaka kusuluhisha ugomvi huwalisha kwanza wagomvi wote wawili, kisha husema nao wakiwa wamenyamaza. Wengi wetu tungefurahi utaratibu huo ukiletwa kwenye mikutano ya watumishi.

Jambo jingine la maumbile yao ni kwamba mwili wa chini hukomaa mapema kuliko wa juu. Mtoto wa miaka minne ana miguu ya mtu mzima na akili ya mtoto wa miaka minne. Mwaka 1938 mmoja wa namna hiyo alitoka mbio msituni, akapita mjini kama upepo, akaingia kwenye bustani ya mzungu mmoja na kumaliza kabichi zote, halafu akaanza kumlilia mama yake kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Askari walikuja na kamba. Mzee Lemburis alikuja na sufuria ya uji. Mtoto alipokwisha kunywa alianza kucheua, akanyamaza, akafuatana naye taratibu hadi kwao Mlima Meru. Bwana mwenye kabichi alitaka kujua nani atajibu hasara hiyo, na Mzee alimwambia kwa adabu zote kwamba tumbo limekwisha kujibu.

Lakini kazi hasa ya kituo ni kwato. Masika yakizidi, ugonjwa wa kuoza kwato huwaingia. Usipokata sehemu iliyooza na kuosha kwa dawa ya mrututu, mgonjwa hushindwa kusimama, na Mkwato akilala ubavu zaidi ya siku sita mioyo yake miwili hupotezana mwendo, basi tena. Tiba ni rahisi. Kazi kubwa ni kumshika. Kwao, anayeshika kwato yako ameshika heshima yako na anaweza kukuangusha, kwa hiyo mgonjwa hatoi kwato mpaka mganga atoe mguu wake kwanza. Unavua viatu, unasimama kwa mguu mmoja, na mgonjwa anauinua mwingine, anaupapasa unyayo kwa kidole gumba, anauleta karibu na pua, anakaa nao kidogo. Akiridhika anaushusha, kisha naye anakupa kwato.

Madaktari watatu walikataa kuvua viatu na wakahamishwa kwa ombi lao wenyewe. Mzee Lemburis hakuwa na shida hiyo kwa kuwa hakuwahi kuvivaa. Mwaka 1931 aliletewa buti za serikali. Bado zimo ndani ya boksi lake, na ndani ya buti ya kushoto ndimo anamoficha sukari ya chai, akidhani hatujui.

Mwezi Aprili mwaka huu ilikuja barua kutoka ofisi ya juu. Ilisema kwamba kwa miaka yote Wakwato wamekubali kushikwa na mtu mmoja tu, na kwamba mtu huyo anastaafu. Kama hadi tarehe 15 Juni hakuna Mkwato atakayempa kwato msaidizi mpya, kituo kifungwe siku Mzee atakapoondoka. Kwa majaribio hayo, siku za Jumatatu na Alhamisi Mzee hakuruhusiwa kugusa mgonjwa. Wakwato wa Meru ni kama mia tatu, na hakuna kituo kingine popote. Mzee aliogopa, na alisema waziwazi kwamba anaogopa. Hata usingizi ulimpaa, mkewe ni shahidi.

Msaidizi mpya ni Bibi Anyesi, muuguzi mwenye mikono mizuri na moyo wa chuma, binti wa Nduruma, ambaye amepangiwa chumba ndani ya uwanja wa kituo. Mzee alimfundisha kila kitu. Alimweleza kwamba Wakwato wanapopapasa unyayo wanapima ugumu wake, kwa hiyo alimtembeza peku juu ya kokoto wiki nzima. Pia alimwambia kwamba si adabu kumwekea mgonjwa mguu mchafu puani, na akamnunulia mche wa sabuni nyekundu ya dawa. Kila Jumatatu na Alhamisi Anyesi alisugua miguu mpaka ikang'aa kama vyombo vya harusi. Alitoa mguu. Mgonjwa aliupapasa, akaunusa, akaushusha polepole, akamwambia asante binti, akageuka kurudi mlimani.

Ilikuwa hivyo mara kumi na moja. Mgonjwa wa tisa alikuwa kijana ambaye kwato yake ilikuwa imeoza vibaya, na ilikuwa Alhamisi. Mzee alisimama nje ya ua akishika nguzo kwa mikono miwili ili asiivunje amri. Ijumaa kabla ya mapambazuko alikuwa amekwisha kupanda mlima kumfuata. Alimtibu, lakini sehemu ya kwato haikuponyeka, na hata leo kijana yule anachechemea.

Jumatatu tarehe 10 Juni, siku tano kabla ya mwisho, Anyesi alikuwa anarudi kutoka kwao Nduruma alikokwenda kumjulia hali mama yake. Lori lilikwama njiani, akashuka, akavua viatu, akatembea. Alipofika getini saa mbili na nusu alimkuta mama mmoja wa Kikwato aitwaye Nalepo ameegemea wanawe wawili, jiwe limemwingia kwenye kwato ya nyuma na mguu umevimba hadi gotini. Loo, hapo hapakuwa na wakati wa kutafuta ndoo. Mzee, nje ya ua, alimwonyesha bomba kwa ishara za mikono yote miwili. Anyesi hakumtazama. Alisimama kwa mguu mmoja na kutoa ule mwingine, umejaa tope mpaka kwenye kifundo.

Nalepo aliunusa kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha alicheka, na mguu wake uliovimba ukaja wenyewe mikononi mwa Anyesi. Jiwe lilitoka baada ya robo saa. Wanawe walipiga vigelegele, jambo ambalo kwa desturi ya kwao ni kazi ya wanaume.

Wakati akifunga kitambaa, Anyesi alimwuliza Nalepo alikuwa ananusa nini. Jamani, swali hilo halikuwahi kuulizwa tangu 1925! Mzee Lemburis ni mtu wa heshima, na mtu wa heshima haulizi mwenzake ananusa nini. Nalepo alijibu bila kusita. Alisema binti ametoka Nduruma, amepita shamba la maharage yanayong'olewa, amevuka maji mara mbili, na kabla ya yote hayo amesimama kwa muda mrefu kwenye uwanja wenye maranda ya mti wa mvule. Habari za fundi seremala wa Nduruma tunawaachia wenyewe. Lililo muhimu ni kwamba Wakwato hawapimi ugumu. Wanasoma mtu anatoka wapi na amepita wapi, na mguu uliosuguliwa kwa sabuni ya dawa, kwao, ni mguu wa mtu anayeficha njia yake. Hawamtangazii mtu wanachokisoma, ila akiuliza mwenyewe.

Mzee alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Alisema kwa kinywa chake kwamba nusura akifunge kituo kwa mche wa sabuni, na kwamba kijana anayechechemea anachechemea kwa sababu yake. Ameagiza kosa hili liandikwe kwenye wasifu wake, lisipambwe. Limeandikwa.

Jumamosi iliyopita Wakwato walimwalika kwenye uwazi ulio juu ya Sambasha, pembeni mwa msitu, ili wamuage. Tulikwenda watatu: yeye, Anyesi na mwandishi huyu. Tulilishwa uji, tukawasubiri wamalize kucheua, karibu saa nzima, bila neno. Ndipo Mzee alipotoa mguu wake wa kulia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akauliza wamekuwa wakisoma nini humo.

Nalepo aliwasemea wote. Walijua mwaka alioezeka bati. Walijua siku alizopitia kwenye pombe za sikukuu kisha akatufunga kamba kwamba alikuwa kanisani. Hapo Mzee alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha Nalepo akasema kwamba ulikuwapo wakati, miezi kumi na minne mfululizo, ambapo kila asubuhi unyayo ule ulikuja na masizi ya makaa ya mawe na mafuta ya reli. Mimi na Anyesi tulitazamana, kwa sababu stesheni ya reli haiko njiani mtu akitoka Sambasha kuja Kijenge.

Mzee alitueleza pale pale, akiwa bado kwenye mguu mmoja. Mtoto wake wa kwanza, Melkizedeki, alipanda treni mwaka 1943 akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa vitani Burma. Baba yake alipitia stesheni kila asubuhi kuangalia nani ameshuka. Agosti 1944 barua ikafika bomani. Hakuomba ruhusa na hakumwambia mtu kazini. Kesho yake alipita njia yake ya zamani. Mwandishi amefanya kazi naye miaka tisa na hakujua kwamba mtoto huyo alikuwapo.

Nalepo alisema masizi yalikatika ghafla siku moja, nao wakaelewa. Kwao aliyefiwa hushikishwa kwato za jamaa zake, moja baada ya nyingine, asikae mikono mitupu. Hawakujua watu wa miguu miwili hufanyaje. Wakafanya kama wanavyojua.

Jumatatu nilifungua daftari la wagonjwa la mwaka 1944. Kuanzia tarehe 17 hadi 25 Agosti, katikati ya kiangazi, waliteremka Wakwato arobaini na mmoja. Mbele ya kila jina, kwa mwandiko wa Mzee Lemburis, pameandikwa: kwato nzima, hakuna ugonjwa. Aliniambia kwamba siku zile alimlalamikia mkubwa wake kuwa Wakwato wameanza kujifanya wagonjwa. Nilipompa daftari alisoma majina yote arobaini na moja, moja moja, kidole kikiwa chini ya kila mstari, na akalia bila kujificha.

Kituo hakifungwi. Jumatatu Bibi Anyesi ataanza kazi saa mbili. Mzee wetu, sisi wa Kijenge tunasema asante, na wa mlimani walikwisha kusema siku nyingi. Shikamoo, na Mungu akupe miaka mingi yenye afya na furaha, wewe na mama, huko Sambasha.