Joash Wasike, Fundi wa Breki: Rangi Ile Haikuwa Yake

Tarehe 31 Agosti 1979 Bwana Joash Wasike anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Nalufenya miaka thelathini na mmoja: ishirini na tisa hapa Jinja, na miwili kwenye tawi letu la Mbale, kule Nabuyonga. Kamati imenipa mimi, Aloysius wa stoo, kazi ya kuandika wasifu huu, maana wenye kalamu nzuri wamekufa au wamekimbilia Kenya. Mimi niliishia darasa la nne. Msomaji avumilie.

Wasike aliingia hapa mwaka 1948 kama mfagiaji. Baada ya miaka miwili alikuwa anashika breki, na hakuziacha tena. Wenye mabasi walimtafuta, wenye malori ya Kenya walimtafuta. Dereva Odero aliwahi kumtukana nusu saa nzima kwa kumnyima lori lake, eti breki "inanung'unika". Ngoma ya gurudumu ilipofunguliwa ilikuwa na ufa wa kuingia ukucha. Odero akamnunulia soda. Kanisani hali ilikuwa nyingine. Sauti yake ya kuimba ilikuwa kama pedi iliyokwisha, na mwalimu wa kwaya alimwomba kwa adabu awe anashika mlango.

Mwaka 1972 wenye karakana, familia ya Kihindi, walipewa siku tisini waondoke. Karakana akapewa kapteni mmoja wa jeshi. Sisi tulimwita Kapteni Giaboksi, kwa sababu siku ya kwanza aliamuru giaboksi zote zifunguliwe aone Wahindi wameficha nini ndani ya hayo maboksi. Walikuwa wameficha oili. Ilimwagikia buti zake, na Wasike akampelekea kitambaa kwa heshima kubwa, uso mkavu kama wa padri.

Tangu hapo vipuri vikawa hadithi. Wasike alitoa pedi kwenye magari yaliyokufa, akazisugua kwa msasa mpaka zikaingia kwenye yaliyo hai. Magari yaliyokufa nayo yakaisha. Ndugu msomaji, miaka ile hata kutu tuliitunza.

Machi 1977 likaja agizo: wakubwa wanapita Jinja siku ya Ijumaa, pikipiki zote za karakana ziwe za kijani. Hata Honda kubwa ya mwaka 1970, yenye breki ya diski mbele, aliyoipanda Kapteni mwenyewe. Rangi nilipaka mimi. Nilifungua diski ili habu, kitovu cha gurudumu, nayo ipate kijani chake, nikapaka haraka haraka, nikarudisha diski kabla rangi haijakauka, nikakaza bolti, nikaenda kunywa chai. Nilijiona fundi.

Jumatatu Kapteni alikuja anachechemea, na askari wawili nyuma yake. Alikuwa ameanguka kwenye mzunguko karibu na soko, mbele ya wauza vitunguu. (Hakuna aliyecheka. Wauza vitunguu wa Jinja wana akili.) Alisema kila akishika breki ya mbele, mkono wa breki unampiga vidoleni, gurudumu linashika na kuachia, linashika na kuachia, mwisho likamtupa.

"Huu hapana ubovu," alisema. "Hii iko mutu. Mimi nataka mutu kabla ya saa kumi."

"Afande, tuanze na beringi," akasema Wasike.

"Mimi hapana taka beringi! Nataka mutu!"

Wasike aliipanda Honda mpaka karibu na daraja na kurudi, vidole viwili tu vya mkono wa kulia vikigusa breki. Ndivyo alivyofanya siku zote. Alisema mkono mzima hausikii kitu. Aliporudi alituambia, "Inapiga mara moja kila gurudumu likizunguka. Ukienda pole, inapiga pole. Ukikimbia, inakimbia na wewe. Ugonjwa uko kwenye gurudumu."

Aliinua gurudumu la mbele juu ya kreti ya soda, akalitikisa. Beringi nzima. Akatazama pedi. Nzuri. Akafunga kipande cha waya wa spoku kwenye foku inayoshika gurudumu, ncha yake karibu iguse diski, akazungusha pole pole. Upande mmoja diski ilikuja mpaka ikaukwaruza waya, upande wa pili ikakimbia.

"Imepinda," akasema askari mmoja. "Lete nyundo."

"Diski haipigwi nyundo, afande. Si sufuria."

Akaifungua, akailaza juu ya kioo cha meza ya ofisi, akajaribu kupenyeza karatasi ya sigara chini yake pande zote. Haikupita. Diski ilikuwa imenyooka kuliko sisi sote tuliosimama pale. Ndipo akainama kwenye habu, mahali diski inapokaa. Rangi ya kijani. Upande mmoja nyembamba, upande mwingine tone lililoganda, nene kama ukucha wa dole gumba. Diski ilikuwa imekalia rangi yangu, imekaa upande kama mlevi kwenye kiti.

Aliikwangua kwa wembe, akafuta kwa petroli mpaka chuma kikang'aa, akarudisha diski, akakaza bolti kwa kuruka, hii na ile inayoitazama, kidogo kidogo. Waya ukabaki mbali na diski kwa nafasi ile ile mzunguko mzima. Kapteni akapanda, akaenda, akafunga breki, akarudi. "Iko sawa," akasema. Mimi nikadhani yamekwisha.

Akashuka. "Sasa. Nani alipaka?"

Kucha zangu bado zilikuwa na kijani. Nikatia mikono mifukoni. Wasike akaitazama mifuko yangu, kisha akatazama pembeni.

"Mimi, afande."

"Wewe fundi ya breki. Unapaka rangi?"

"Watu ni wachache, afande."

"Ndiyo maana ulijua mahali iko," akasema Kapteni. "Wote hawakuona, wewe uliona. Kwa sababu ni wewe uliweka."

Wakamtia kwenye gari. Nilikuwa na nafasi ya kusema kuanzia pale alipopandishwa mpaka gari lilipotoka getini. Ni mwendo mrefu, nimeupima mara nyingi tangu siku ile. Sikusema.

Alikaa ndani siku kumi na tisa. Aliporudi, vidole vile viwili havikukunjika wala kusikia moto. Nilikwenda nyumbani kwake. Mke wake, Nasimiyu, alinipa kiti na uji. Wasike akaniambia, "Wewe na kifua chako hicho cha kukohoa, bwana, wangekuzika kabla ya kufika darajani. Tena ungewatajia hata babu yako." Tulicheka sisi wawili. Nasimiyu hakucheka.

Karakana ikampeleka Mbale kuandika kitabu cha getini, kwa mkono wa kushoto. Hata hapo madereva walimfuata. Alimkalisha dereva kwenye benchi akamuuliza: inapiga mbio ukikimbia, au inapiga vile vile? Usukani unatikisika, au mguu tu? Alitibu kwa maswali. Lakini breki yenyewe hakuigusa tena.

Sasa Kapteni ameshakimbia na jeshi lake, na mimi nimepewa faili la Wasike ninakili. Limeandikwa: "Aliondolewa Jinja kwa uzembe na hujuma, kupaka rangi chini ya diski." Nilimwomba meneja mpya alifute. Ni mtu mwema, alinikaribisha kiti. Alisema neno la faili hufutwa na aliyetia sahihi, na waliotia sahihi hawajulikani walipo. Nikasema, basi nitie yangu, mimi ndiye niliyepaka. Akasema hakuna fomu ya hivyo. Kwa hiyo Bwana Wasike anatoka kazini mhujumu, na cheti chake cha utumishi kimepigwa chapa hivyo.

Karatasi hii imechapwa nakala sitini. Aliyepaka rangi ni Aloysius wa stoo. Kila mmoja wenu achukue yake aende nayo nyumbani, maana faili litakaa pale pale.

Asante, Joash, kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati inakuombea wewe na mama Nasimiyu siku nyingi zenye afya na amani. Mimi naomba pamoja nao, ingawa sijui kama ninaruhusiwa.