Florentina Abucay na Vitundu vya Jani la Mpunga

Inatangazwa kwa masikitiko makubwa kwamba kuanzia Jumatatu kituo chetu cha mpunga hakitanunua tena rangi ya kucha. Mtumiaji wake, Florentina Abucay, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi.

Wageni humdhania mpenda urembo. Aling Tinay, yaani Bi Tinay, kama tunavyomwita sote, hajawahi kupaka ukucha hata mmoja. Huipaka kwenye majani. Ikikauka hubandua utando wake, na kwenye hadubini vinaonekana vitundu ambavyo jani hupumulia, vingine wazi, vingine vimefumba kama midomo ya watu waliokosana. Huvihesabu kwa sauti, kwa Kibikol cha kwao.

Bakteria wa ugonjwa wa michirizi huingilia humo. Jani likiwahisi hufunga. Baada ya saa tatu hivi, wao hulilazimisha kufungua. Tulitafuta mpunga mkaidi, usiokubali kufungua. Ulipatikana mwaka 2013, na mwezi huu unasajiliwa. Fomu ina nafasi ya mgunduzi mmoja tu.

Aliwahi kumzuia mkurugenzi mlangoni mwa banda la vioo kwa sababu ya viatu vyenye matope.

"Bosi, bakteria hawajui cheo chako. Vua."

Akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu.

"Hilo nalo naliandika kuwa wazi," akasema, akarudi kazini.

Sasa anakwenda Bikol kwa dada yake. Kila mvua ilipoanza alisimama dirishani akisema kwao inanukia vingine. Juzi alikuwa likizo, nami nikajikuta kwenye kiti chake, nahesabu kwa Kibikol mpaka nne, ndipo ujuzi wangu unapoishia. Chumba kilikuwa kimya mno.

Asante, Aling Tinay. Ukalale mpaka jua likuamshe, na dada yako akupikie.

Sasa ukweli. Ripoti ya ugunduzi ule wa 2013 inasema nilipima majani kwa subira saa nne mfululizo. Saa hizo nilikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mhasibu, na sahani ya tatu ya pansit, tambi za kukaanga. Niliporudi, Aling Tinay alinionyesha trei moja ambayo majani yake bado yalikuwa yamefunga.

"Ilikaa kivulini hiyo, ndiyo maana imefunga," nikasema. "Tupa."

"Dokta, wewe ndiye uliyekaa kivulini. Hii ilikuwa juani."

"Tupa, Aling Tinay."

Hakutupa. Aliificha nyuma ya tangi la maji, akarudia kipimo siku tisa, kisha akaniwekea hesabu mezani. Nikaandika ripoti, nikatia jina langu. Hakuniuliza, wala mimi sikumwambia mtu.

Kwenye fomu, leo asubuhi, nimeandika Florentina Abucay. Nimechelewa miaka kumi na mmoja, na kuanzia Jumatatu hatakuwepo tena wa kunisamehe kila siku.