Kuku wa Limau Aliyechelewa Kufika Itigi

Baada ya miaka ishirini na minane jikoni, Mama Asnath Msengi, mpishi mkuu wa Hoteli ya Mawe Mapana hapa Singida mjini, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Sherehe ya kumuaga ilipangwa siku hiyohiyo, ikaahirishwa kwa sababu hoteli ilijaa wageni wa semina, na aliyetakiwa kuagwa ndiye aliyetakiwa kuwapikia. Akapika, akakunja aproni yake akaitia kwenye mfuko, akapanda basi la Itigi. Ndiyo maana tunamuaga Jumamosi hii, wakati tumeshaonja kukaa bila yeye. Mimi Marietha, mkuu wa wahudumu wa meza, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, nasema wazi kwamba bado sijazoea.

Aliingia Mawe Mapana akiwa mama kijana kutoka Iramba, akaanzia kwenye sinki la masufuria. Mpishi wa wakati huo alipoacha kazi, uongozi ulihangaika kutafuta mwingine, na katikati ya kuhangaika huko wageni walikuwa wanakula, wanashiba, wanarudi tena. Ndipo mtu alipokumbuka kuuliza ni nani anayepika. Tangu hapo jiko likawa lake. Huwezi kuvuka mlango ule bila shikamoo, uwe mfua mashuka au meneja mwenye tai, na ukijifanya umesahau, kijiko chake kikubwa kinabaki hewani mpaka ukumbuke. Alitusema sana huyu mama. Alitusema kwa chumvi, kwa kucha, kwa kuegemea friji. Halafu anakuita umalizie ukoko wa pilau, na wewe uliyenuna toka asubuhi unajikuta unacheka.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuketi kwenye meza ya hoteli hii. Alikula amesimama kwenye dirisha la kupitishia sahani, jicho likiwa kwa wageni. Nilimkaribisha sana, maana viti vyote viko chini yangu, lakini alisema akikaa tu, miguu itagundua kwamba imechoka.

Sasa tuje kwa kuku. Anayepita Singida anataka kuku wa kienyeji, hilo halina mjadala. Lakini kilichoipa hoteli yetu jina ni kuku wa limau wa Mama Asnath. Ilianza pale mgeni mmoja alipomsimulia habari za kuku aliyewahi kumla mbali huko, mwenye limau na majani yenye harufu, bila kujua jina la jani hata moja. Mama akatoka nje, akazunguka bustani akinusa kila kitu, akakuta ua wa rozimari uliopandwa kwa ajili ya urembo tu. Kuanzia siku hiyo Amosi wa bustani hakuwa na amani. Kila akiupunguza ua wake ukapendeza, anakuta upande mmoja una kipara, na kipara kinaelekea jikoni.

Mapishi yake hakuyaficha. Alimwambia kila aliyeuliza kwamba kuku wa kienyeji huwezi kumtupa kwenye oveni kama kuku wa kisasa, atakugomea. Unamchemsha kwanza taratibu na tangawizi na chumvi mpaka nyama ilegee, unamwacha apoe ndani ya supu yake. Halafu unatwanga kitunguu saumu na rozimari, unakunia humo ganda la njano la limau, unatia mafuta ya alizeti na asali kidogo ya Itigi, unampaka kote, hata chini ya ngozi. Oveni iwe kali ili apate rangi upesi. Maji ya limau yanakuja mwisho kabisa, wakati kuku ameshatoka na bado anatoa moshi.

Mimi niliyasikia yote hayo kwa masikio yangu, nikaenda kwangu Unyambwa, nikakamua malimau mwanzoni kwa pupa na kuyachemsha pamoja na kuku. Watoto wangu wakaonja, wakauliza nani ana mafua. Nilipomsimulia Mama Asnath alicheka mpaka akashika meza, kisha akanifungia kipande chake mwenyewe nikawapelekee.

Lakini yuko mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwonja kuku huyo, na jambo hilo lilimnyima Mama Asnath raha. Mumewe, Mzee Benjamin, alikuwa mfanyakazi wa reli Itigi, akastaafu hukohuko, akabaki na shamba na mizinga yake ya nyuki. Kazi iliwagawa: mzee kule, mama huku katika chumba cha hoteli kilicho nyuma ya dobi, akienda nyumbani mwisho wa mwezi. Tulipomwalika mzee aje ale hapa hotelini alikataa kwa upole. Alisema kuku wa mke wake atamlia nyumbani kwake, siyo mahali anapoulizwa atakaa meza gani.

Mama Asnath alilichukua neno hilo likawa deni la moyoni. Kila mwaka alisema mwaka huu nampikia, na kila akifika Itigi amechoka, wanakula ugali na mlenda, anapanda basi kurudi kuwapikia watu asiowajua. Kuna nyakati nilimkuta kwenye lile dirisha la sahani, ameshika chakula cha mtu mwingine, macho yamekwenda mbali, na hakuwa na haja ya kunieleza yamekwenda wapi. Alipatamani kwake. Alipatamani akiwa anacheka na sisi, akitusema, akionja mchuzi.

Mwezi wa Nne, alipopewa likizo yake ya mwisho, akaamua. Alifika Itigi, akachinja jogoo wake mwenyewe, akampika kihoteli hasa. Oveni hana, akatumia sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki majumbani. Akampakulia mzee nusu kuku kwenye sahani nyeupe, kipande cha limau pembeni, rozimari juu. Ngozi ilikuwa na mabaka, lakini hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa firigisi. Hapa hotelini firigisi haimfuati kuku. Tunazikusanya, zinachomwa mishikaki ya kaunta. Basi mikono ya Mama Asnath, kwa mazoea ya jiko letu, ikaitenga firigisi pamoja na kichwa na miguu, akawaita watoto wa jirani wakachukua.

Kwetu hakuna asiyejua firigisi ni ya nani. Kuku akichinjwa nyumbani, firigisi ni ya baba wa nyumba, awe na meno au hana. Mzee Benjamin aligeuza vipande huku na huku, akatafuta bila kutaka kuonekana anatafuta. Akala kidogo, akashukuru, akasema ni chakula kizuri cha wageni, kisha akaenda kuangalia mizinga yake. Mama Asnath alibaki na sahani mkononi, akachungulia uani, akawaona watoto wa jirani wanagombania firigisi.

Aliporudi kazini hakumsema mtu wiki nzima, hata Chediel, msaidizi wake, alipounguza mchele. Hapo tukajua kuna jambo. Aliniambia tukiwa tunakunywa chai. Alisema miaka yote hii amengoja arudi kwake, na siku ya kwanza ya kumpikia mumewe kuku huyo amempikia kama abiria aliyeshuka njiani. Aliogopa kwamba ataondoka hotelini halafu nyumbani asifike. Aliogopa amekaa mbali mno hata mikono yake imemsahau mwenyewe. Mimi, mwenye maneno mengi kuliko wote hapa, nilimwongezea chai.

Kesho yake jiko la mkaa likawekwa nyuma, karibu na tangi la maji, na mazoezi yakaanza. Sisi tulifaidi, jamani. Chediel alidhani anafundishwa yeye, akanunua na kofia mpya. Kumbe mama alikuwa anajifunza kupika nyumbani. Aligundua kwamba lazima mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, na sufuria isifunuliwe hovyo. Firigisi ndiyo iliyomtoa jasho. Ukiioka pamoja na kuku inakuwa ngumu kama soli. Mwishowe akaipata: inachemshwa peke yake muda mrefu kuliko kuku, inapakwa viungo, inafichwa chini ya paja ili isikauke, na wakati wa kupakua inawekwa juu, ionekane kabla ya kitu kingine chochote. Siku ya kuondoka, Amosi, yule mgomvi wake wa siku zote, alimkatia mwenyewe miche ya rozimari akamfungia kwenye gunia lenye udongo mbichi. Nadhani alilia, ingawa yeye anasema ni vumbi.

Juzi nilitumwa Itigi kumpelekea mwaliko wa sherehe hii. Nilipiga simu siku moja kabla, maana sikutaka kumshtua, na ndipo nikasikia sauti yake inasita. Tangu arudi alikuwa hajathubutu kumpika yule kuku. Walikula mlenda, walikula dagaa, kuku anapita uani salama. Lakini mgeni akija lazima kuku achinjwe, kwa hiyo simu yangu ilimkosesha pa kukimbilia.

Nilishuka stendi jua likiwa kali, nikaulizia kwa Mzee Benjamin wa nyuki. Kabla sijaonyeshwa nyumba, niliinusa. Nilisimama njiani na mkoba wangu kama mjinga. Ilikuwa harufu ya jikoni kwetu, ile iliyotulaki kila asubuhi ya kazi na ambayo sasa haipo. Chediel asininunie, anapika vizuri na kuku wake nampeleka mezani bila aibu. Ila hata yeye kuna wakati anageuka kuuliza kitu, anakuta hakuna mtu nyuma yake, na mimi naangalia pembeni nisimwone.

Nilimsalimia mzee shikamoo, akaniitikia, akaniketisha. Mama Asnath alikuja na sahani. Aliiweka mbele ya mumewe na hakuketi. Alisimama palepale, vilevile alivyokuwa akisimama dirishani kwetu. Kuku alikuwa na rangi ya asali, rozimari imemwangukia pembeni, na juu kabisa, firigisi.

Mzee Benjamin aliitazama. Mimi nilijifanya natafuta kitu mkobani. Akatoa kisu chake kidogo, akaikata firigisi katikati. Nusu akaitia mdomoni, akaitafuna bila haraka, akafumba macho. Nusu nyingine akaiweka kwenye sahani ya mkewe, mbele ya mgeni, jambo ambalo sijawahi kuona baba yangu akilifanya wala babu yangu. Kisha akasema, “Karibu nyumbani, mama Lea.”

Lea ni binti yao wa kwanza. Sikumbuki hapa kazini mtu yeyote aliyewahi kumwita Mama Asnath kwa jina hilo. Alivuta kigoda, akaketi. Nasema tena kwa faida ya wale waliofanya naye kazi: aliketi, akala, na hakuinuka mpaka sahani ikaisha. Nami nilikula nikiwa na furaha na wivu kwa pamoja, kwa sababu nilijua sasa hatarudi kwetu tena, na kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Mama Asnath, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa Mawe Mapana, asante. Asante kwa kutulisha, kwa kutusema, kwa ukoko wa pilau. Dirisha lile la sahani bado hakuna anayesimama hapo, tunapita tu. Tunakukumbuka kuliko tulivyodhani tutakukumbuka. Mungu akupe wewe na Mzee Benjamin afya njema, asali nyingi na siku ndefu za kula pamoja, na maisha yako mapya yawe mema kila asubuhi yake.

Jumamosi usije na aproni, nitaikagua mifuko yako mlangoni. Nimeandaa meza ya katikati yenye viti viwili, na Mzee Benjamin hataulizwa na mtu atakaa wapi. Chediel atapika kuku wa limau. Wewe utaketi, Mama, na firigisi haitakwenda kaunta.