Mkono wa Dada Mutanu

Dada Miriam Mutanu anastaafu leo, Jumamosi tarehe 29 Novemba 2025, baada ya miaka kumi na tisa ya kuita dansi ya kontra katika ukumbi wetu wa Doonside. Kamati ilinitaka niandike kwa uchangamfu. Nimejitahidi, lakini mimi Ogutu, mpiga akodioni wake, wiki hii sina uchangamfu wa kumgawia mtu.

Kwa wageni wetu: kontra huchezwa kwa mistari miwili mirefu inayotazamana. Kila jozi husogea polepole hadi imecheza na jozi zote. Mwitaji husimama jukwaani na kipaza sauti, akitaja kila hatua kabla haijafika. Wachezaji wakishaizoea, mwitaji hunyamaza na kuwaacha waendelee. Sisi wapigaji hatukomi mpaka ainue mkono. Hiyo ndiyo sheria, na hatujawahi kuivunja.

Alifika kwetu kwa makosa. Alikuwa muuguzi mgeni hapa Sydney, akitafuta maombi ya Wakenya yaliyokuwa ukumbi wa jirani, akafungua mlango usio wake. Mzee mmoja akamnyoshea mkono, na kabla hajaeleza shida yake, alikuwa keshazungushwa hadi upande wa pili. Husema kwamba tangu atue nchini, hakuna aliyekuwa amemshika mkono isipokuwa wagonjwa. Maombi hayakumwona siku hiyo.

Miaka michache baadaye alikuwa akiita mwenyewe, kwa Kiingereza safi hadi mtu akosee. Hapo Kiswahili kilimtoka: "Geuka wewe, geuka!" Kundi la Newcastle lilipotutembelea, lilidhani hilo ni neno la kale la kontra, likaondoka nalo. Kwa miaka mingi Waaustralia wale waligeuzana kwa Kiswahili, na sisi tukakaa kimya tukicheka.

Kuna jioni alinyamaza kama kawaida, akaketi kwenye ngazi za jukwaa kuwatazama wachezaji, akasahau kabisa kuinua mkono. Tukapiga. Égide, Mrundi wetu wa fidla, alilowa shati lote, vidole vikamfa ganzi. Wachezaji walianza kututazama kama mateka. Dada alikuwa anatabasamu tu. Alipozinduka alicheka hadi machozi, na Égide akakataa kunywa naye chai.

Ningependa kuishia hapo. Lakini daktari amemwambia koo lake halitavumilia tena kuita, na hatuna mwingine. Si kwamba hakufundisha. Wekesa alifundishwa vizuri, kisha akapata kazi Perth. Gloriose alipangiwa zamu za wikendi kwenye nyumba ya wazee. Binti wa Dada, Kelly, aliyekulia ukumbini humu, alijaribu mwezi uliopita. Mistari ikavurugika, akashusha kipaza sauti. "Mum, I can't. Wakiniangalia hivyo I just freeze." Dada hakumlaumu. Alimkumbatia, halafu akaenda kupanga viti.

Zamani tuliazimana waitaji na wapigaji kati ya miji. Kundi la Wollongong limevunjika. La Newcastle nalo limevunjika, na Dada ndiye aliyewaitia dansi yao ya mwisho. Nilimpigia simu rafiki yetu wa Canberra. Ni mzee kuliko Dada na ameacha kuendesha gari. Nimetafuta namna ya kulainisha jambo hili, sikuipata. Bila mwitaji hakuna kontra, na wiki ijayo ukumbi huu unachukuliwa na watu wa mazoezi ya viungo. Naumia, na sitajifanya vingine.

Dada Mutanu, asante kwa kila mgeni uliyemvuta mstarini kabla hajaeleza shida yake. Koo lako lipumzike lipone, na popote utakapokuwa usikose mtu wa kukunyoshea mkono.

Dansi ya mwisho leo ni yako. Utaita, wataizoea, utanyamaza. Kisha ukae kwenye ngazi zako uwatazame. Mimi na Égide tutakuwa tukipiga, macho yetu kwenye mkono wako. Vidole vife ganzi, safari hii hakuna atakayenuna. Tafadhali, Dada, sahau tena kuuinua.