Sufuria ya Nabwile

Basi la Bungoma lilikuwa halijafika Kiminini, na mzee Kibiwott, aliyeketi kando ya Nabwile, alikuwa ameshatoa hukumu. "Mama, mumeo kutapika damu hivyo ni sumu, bana."

Nabwile alicheka. Ndivyo walivyosema mashemeji zake siku mumewe alipotapika, na tangu siku hiyo hakuna mtu kwao Matulo aliyegusa chakula chake. "Mzee, daktari alinieleza. Pombe ilifanya ini likawa gumu, damu ikakosa njia. Ikarudi kwa mishipa ya umio, hapa chakula kinapita, ikaifurisha mpaka mmoja ukapasuka."

"Wakauziba na nini?"

"Walishusha mpira mwembamba wenye taa kooni, wakaifunga ile mishipa kwa vipete vya raba."

Kibiwott, mfugaji, aliwaza kidogo. "Kama tunavyofunga mkia wa kondoo ukauke?"

"Hivyo hivyo. Ini bado linauguzwa, lakini pombe ameacha."

"Na ni nani aliyemroga anywe?" Mzee hakuwa mtu wa kushindwa haraka.

Basi likasimama Matulo. Wakoli, mume wa Nabwile, aliyekuwa akisinzia kiti cha mbele, alishuka kwanza. Mama yake na ndugu zake walikuwa wakimngojea.

"Mama, nina njaa," alisema, wote wakasikia. "Nabwile atapika, na tutakula sote."